Kura Ishirini na Sita

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Maren Hoelscher alikuwa na kazi ya kumtoboa mdogo wake kidole. Anson alikuwa na miaka saba, na kisukari kilimpata akiwa na minne. Alikuwa akipanda kwenye kiti cha jikoni, anafumba macho, ananyoosha mkono na kusema, "Haya, dada, fanya haraka." Maren alibonyeza kisindano, akakamua tone la damu, akaligusisha kwenye kipimo na kuisoma namba kwa sauti. Mama yao, Darla, aliiandika namba hiyo daftarini, akapima dawa, akamdunga mwanawe tumboni. Hapo ndipo Anson alipopata kifungua kinywa chake. Kulikuwa na kifaa cha kisasa cha kubandika mkononi ambacho kingewaondolea taabu hiyo, lakini bima ya kiwandani alikofanya kazi Mama ilikataa kukilipia, na Mama alishachoka kubishana nao kwenye simu.

Shuleni kazi hiyo ilikuwa ya Nesi Petrosky. Alimpima Anson kabla ya chakula cha mchana, na tena kabla hajapanda basi la shule. Isitoshe, alimjua. Watoto wengine sukari ikiwashuka hulia au hulalamika njaa. Anson yeye hunyamaza, kisha huanza kucheka peke yake kama mtu anayetekenywa. Asiyemjua angedhani ni utundu. Nesi Petrosky akikiona kicheko kile, alimkamata mkono na kumpa juisi ya tufaha kwanza, maswali baadaye.

Basi, mwezi wa pili bodi ya shule ya Tilden Grove iliwatumia wazazi barua. Fedha zilikuwa zinaelekea kwisha. Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, watu wa mji wangepiga kura juu ya kodi ya shule. Wakikataa, maktaba ingefungwa, na Nesi Petrosky angekuwa akija shuleni siku moja tu kwa wiki. Mama aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kisha akamtazama Anson aliyekuwa sakafuni na magari yake. Maren aliuona uso wa mama yake, na kuanzia siku hiyo hakuwa na wazo jingine kichwani ila lile la Nesi Petrosky.

Katika sehemu ile ya jimbo la Ohio, Marekani, shule hulishwa na kodi ya nyumba na mashamba, na kodi hiyo haiongezwi mpaka wenye nyumba na mashamba wakubali wenyewe kwa kura. Kuna kodi ya kuendeleza, yaani ile ya zamani inayofika ukomo wake, na watu wanaulizwa tu kama iendelee bila kupanda hata senti. Hiyo hupita kimyakimya. Halafu kuna kodi ya nyongeza, yaani mpya juu ya ile ya zamani. Hiyo ndiyo huleta ugomvi mezani hata siku ya sikukuu. Watu wa Tilden Grove wanaijua tofauti ya hizo mbili kama wanavyojua majina ya watoto wao, na safari hii kodi ilikuwa ya nyongeza. Ilikuwa imeshakataliwa mara mbili.

Sababu za kuikataa hazikuwa za kipumbavu, tusiwasingizie. Wazee walikuwa wakiishi kwa pensheni ambayo haikui, ilhali bei ya kila kitu inakua. Wakulima wa mahindi walitozwa kwa ukubwa wa ardhi, hata mwaka ambao mvua iliwatupa. Tena kila mtu alizikumbuka taa za uwanja wa mpira. Miaka minne nyuma shule ililia kuwa haina kitu, na mwaka uleule ikasimamisha taa mpya uwanjani, ndefu kuliko mnara wa kanisa. Eti fedha zake zilitoka kwenye mfuko mwingine. Labda ni kweli, lakini nani alielezwa? Na wale wazazi vijana walioitaka shule hasa, wengi wao siku ya kura walikuwa zamu, au hawakuwa wamejiandikisha, au walisahau.

Aliyeongoza kazi ya kuwashawishi watu alikuwa Mwalimu Ostrander, mtunza maktaba, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kukohoa kila anapotaka kusema jambo zito. Jumamosi alikuwa akiwakusanya watoto na wazazi waliojitolea, anawagawia vipeperushi na mitaa ya kugonga milango. Kabla hawajatoka alikohoa, akawaambia, "Mkiulizwa msilolijua, semeni hamlijui. Mkiulizwa mnalolijua, semeni lilivyo, hata kama mtafungiwa mlango."

Maren alipangiwa Mtaa wa Mierezi pamoja na Mwalimu mwenyewe. Mwalimu alishika upande wa kulia, Maren akashika wa kushoto, na barabara ilikuwa nyembamba kiasi cha kuonana. Mlango wa kwanza alifungua mzee mmoja mwenye kikombe mkononi, akamwambia waende wakaziuze zile taa kwanza. Mlango wa pili mwanamke alisema wanawe wamekua, wamehama, na yeye alishalipa zamu yake. Wa tatu alikuwa mama kijana mwenye mtoto kiunoni. Huyo aliiunga mkono kodi kwa moyo wote, ila alipoulizwa kama amejiandikisha kupiga kura alicheka kwa aibu. Maren aliteremka ngazi za nyumba ile bila hata kura moja.

Mlango wa nne ulikuwa wa Bibi Verna Stahl. Huyu alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa shule. Hakukuwa na mtu mzima katika mji ule ambaye hakuwahi kusimama mbele yake na sinia. Alikuwa hodari wa kukumbuka nani hali njegere na nani baba yake kaachishwa kazi, na huyo wa pili alikuwa akimwongezea mkate bila kusema kitu. Neno lake lilikuwa na uzito kuliko gazeti.

"Ni kodi mpya hiyo, au ni ileile ya zamani inaendelezwa?" aliuliza, mkono ukiwa bado kwenye kitasa.

Maren alilijua jibu. Alikuwa nalo hata mkononi, limechapishwa kwenye kipeperushi kwa herufi ndogo. Lakini aliuona mlango umeanza kusogea, akamwazia Anson akicheka peke yake shuleni bila wa kumjua, na ulimi ukamponyoka.

"Ni ileile ya zamani, Bibi. Inaendelezwa tu."

Mlango ukafunguka. Bibi Verna alimkaribisha ndani, akampa biskuti za shayiri na zabibu, akamuuliza habari za mama yake. Kwa kodi ya namna hiyo, alisema, kura yake wanayo, kwani mtoto gani alimshinda yeye kumlisha? Maren alitoka pale moyo mwepesi. Mlango wa tano hakungoja hata kuulizwa. Mpaka anafika mwisho wa mtaa, alikuwa amewaambia uongo huo watu wa nyumba tisa, na wote tisa walikuwa wamemuahidi. Mwalimu Ostrander, ambaye upande wake alipata wawili tu, alishangaa na kumuuliza alikuwa akiwaambia nini. Maren alisema alikuwa akiwaeleza habari za Nesi Petrosky. Na hilo nalo alikuwa amelisema kweli, kidogo.

Ilikuwa Kwaresima, na kila Ijumaa watu wa Tilden Grove hukutana katika ukumbi wa kanisa kula samaki wa kukaanga na saladi ya kabeji. Ijumaa iliyofuata Bibi Verna alisimama na sahani yake, akawaambia wenzake waache kunung'unika, kwani kodi yenyewe ni ya zamani, amehakikisha. Ukumbi ulishusha pumzi. Watu walianza kusema kwamba kama ndivyo, mbona hakuna shida. Maren aliyasikia hayo akiwa kwenye foleni ya samaki, akajiona shujaa.

Ijumaa ya pili yake, Bwana Delbert Rausch aliingia na gazeti. Alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa sauti nzito, na ndiye aliyeongoza upande wa kukataa. Hakutukana mtu. Alilikunjua gazeti mbele ya Bibi Verna, akaweka kidole kwenye tangazo la uchaguzi, akamsomea polepole: kodi ya nyongeza. Bibi Verna alichukua miwani yake, akasoma mwenyewe, akasoma tena. Uso wake ukamshuka. Mwanamke aliyewalisha wote wale, leo amesimamishwa mbele yao kama mzushi.

"Mtoto wa shule alikuja mlangoni kwangu," alisema. "Nilimuuliza, naye akanijibu."

Mwalimu Ostrander alisimama. Alikohoa mara mbili, akasema hawakumfundisha mtoto yeyote kusema hivyo.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Hapana, Bibi Verna. Sikusema hivyo. Mtoto gani?"

Bibi Verna alizungusha macho ukumbini, yakatua kwa Maren, yakakaa pale. Maren akainamia sahani yake.

"Simtaji mtoto," alisema Bibi Verna hatimaye. "Mtoto husema alichofundishwa. Nyinyi mliomtuma ndio mna aibu."

Baadaye, kwenye maegesho ya magari, Mwalimu Ostrander alimwita Maren pembeni, akamuuliza taratibu kama anajua lolote. Maren alimtazama machoni, akasema yeye aliwaambia watu kama walivyofundishwa. Mwalimu alimwamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Maren kuliko yote, kwamba alimwamini palepale, tena akamwomba radhi kwa kumuuliza.

Siku ya kura mvua ilinyesha, lakini wazee walikuja na miavuli yao. Kodi ilikataliwa kwa kura ishirini na sita. Mjini hakukusemwa tena habari za taa wala mahindi. Kilichosemwa ni kimoja: shule inawafundisha watoto wetu kutudanganya.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kama barua ilivyoonya. Maktaba ilifungwa mwezi wa sita. Mwalimu Ostrander alipoteza kazi, na katika mji ule, ambako sasa watu walimwona ni mwalimu wa uongo, hakuna aliyempa nyingine. Alihamia jimbo jingine kwa dada yake. Siku anapakia gari, Maren alipita na baiskeli yake, akasimama kidogo, akapungiwa mkono, akapunga. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akaenda zake.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa nane, Nesi Petrosky alikuwa akija Jumanne tu. Siku nyingine Anson alipimwa na karani wa ofisini, ambaye alifundishwa kazi hiyo kwa nusu saa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Maren alikuwa amelisikia neno hilo bila kulipa maana.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya mwezi wa kumi. Darasa la Anson lilikuwa na mwalimu wa muda. Wakati wa mapumziko Anson alinyamaza, kisha akaanza kucheka. Mwalimu huyo alimwonya mara ya kwanza. Mara ya pili alimwambia akakae ukutani mpaka adabu imrudie. Anson alikwenda, akakaa, akaendelea kucheka, na baada ya muda hakucheka tena. Mtoto mwenzake ndiye aliyesema kwamba Anson anatetemeka. Sindano ya dharura ya kupandisha sukari ilikuwamo kabatini katika chumba cha nesi, kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa Nesi Petrosky, maili ishirini na mbili kutoka pale.

Maren aliliona gari la wagonjwa kupitia dirisha la darasa lake. Hakuambiwa ni nani. Alijua, akakimbia bila ruhusa, akafika wakati milango inafungwa.

Anson hakufa. Alikaa hospitalini siku nne, na siku ya kwanza hakumtambua mama yake. Siku ya pili alimtambua. Daktari alisema ana bahati, ila hawezi kuahidi kwamba kila kitu kichwani kitarudi kama zamani. Wangengoja waone. Na kweli, mtoto aliyekuwa akisoma vitabu vizima peke yake, sasa alilikodolea neno fupi mpaka machozi yakamtoka. Pia alisema hataki kwenda shule tena kamwe.

Siku hiyo ya pili, kwenye korido ya hospitali, Mama alikuwa akizungumza peke yake kwa hasira. Aliulaani mji. Alimlaani Mwalimu Ostrander na uongo wake, kwani bila uongo ule watu wangekubali, na Nesi angekuwapo. Maren alisimama mbele yake.

"Mama, si Mwalimu. Ni mimi."

Akamweleza yote, kuanzia mlango wa nne mpaka gari la Mwalimu lililojaa masanduku. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Maren akatamani angepigwa tu yakaisha.

"Ulifanya kwa ajili ya Anson," alisema Mama hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Najua. Na ndiyo maana sijui nikufanye nini." Alijifuta macho kwa kiganja. "Mwalimu utamwandikia leo, na barua nitaisoma kabla haijatumwa. Kwa Bibi Verna utakwenda kwa miguu yako mwenyewe. Mimi nitakaa garini. Sitakusemea."

Jumamosi Maren alipanda ngazi zilezile. Bibi Verna alifungua mlango, akamtazama, hakumkaribisha ndani.

"Nilikudanganya, Bibi," alisema Maren. "Nilijua kwamba ni kodi mpya. Mwalimu Ostrander hakunifundisha. Alitukataza. Niliona unafunga mlango, nikasema tu."

"Na miezi yote hii ulikuwa wapi?"

"Niliogopa."

"Mbona leo huogopi? Au ni kwa sababu mdogo wako kaumwa, na kura nyingine ni wiki mbili zijazo?"

Ilikuwa kweli kwamba bodi ilikuwa imeirudisha kodi ileile kwa kura ya mwezi wa kumi na moja. Jibu zuri lilikuwapo, lenye kumpendeza mzee. Safari hii halikutoka.

"Bado naogopa. Na ni kwa sababu ya Anson. Asingeumwa, sijui kama ningekuja."

Bibi Verna akauliza swali lake lilelile, kwa sauti ileile ya mara ya kwanza: hii ya sasa ni kodi ya namna gani?

"Ni mpya, Bibi. Ni nyongeza. Nyumba kama yako italipa dola mia moja na sitini zaidi kila mwaka."

"Haya," alisema Bibi Verna. "Jumapili, baada ya ibada, kuna kuku na tambi ukumbini. Njoo uyaseme hayo mbele ya watu. Yote, na hiyo mia moja na sitini pia. Mimi ndiye niliyewapelekea uongo wako, nami ndiye nitakayekushika mkono uufute."

Jumapili ukumbi ulijaa. Maren alisimama mbele ya sahani zenye viazi vya kuponda na tambi juu yake, na Bibi Verna kando yake. Alisema alidanganya watu wa nyumba tisa na akazitaja. Alisema Mwalimu Ostrander aliwakanya, na yeye akamwachia Mwalimu abebe lawama mpaka akahama mji. Alisema kodi ni mpya na itawauma. Alisema pia kwamba mdogo wake alikaa ukutani akicheka na hakuna aliyejua maana yake. Hakuwaomba kura. Bibi Verna alikuwa amemwambia asiombe.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alilia. Mzee mmoja alinong'ona, kwa sauti iliyosikika, kwamba maneno matamu hayo, safari hii nani kamfundisha? Bwana Rausch ndiye aliyemjibu, akisimama na leso yake ya mezani ingali shingoni.

"Mimi nitapiga hapana," alisema. "Bei ya mahindi mnaijua, sina cha kuongeza. Lakini mtoto kasema kweli, na mimi nimemwita Mwalimu Ostrander mwongo katika kila duka la mji huu. Hilo nilikosea." Akaketi, akaendelea kula.

Wiki mbili zile Mama aliomba likizo isiyo na malipo, akawa anakaa ndani ya gari nje ya shule kuanzia saa tano hadi saa saba, ili ampime mwenyewe Anson, aliyekubali kurudi shule kwa sharti hilo. Mwishowe kiwanda kikampa mtu mwingine nafasi yake. Wazazi waliomwona pale garini kila siku, wengine kwa mara ya kwanza maishani walikwenda kupiga kura. Wengine labda waliguswa na maneno ya ukumbini. Wengine walizikumbuka taa, wakakataa kama kawaida yao. Nani ajuaye hasa kilichomo moyoni mwa mtu akiwa peke yake na karatasi ya kura? Kodi ilipita kwa kura tisa.

Nesi Petrosky alirudi mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza alitundika ufunguo wa kabati ukutani ofisini, mahali ambapo kila mtu mzima angeufikia, akamfundisha kila mwalimu kukijua kicheko cha Anson. Anson aliendelea na shule, ila alirudishwa nyuma mwaka mmoja. Mama alipata kazi nyingine, ya mshahara mdogo zaidi. Mlango wa maktaba ulibaki umefungwa, kwa kuwa bodi ilimwandikia Mwalimu Ostrander kumwita, naye akakataa. Barua ya Maren aliijibu kwa mistari mitatu. Alisema ameipokea. Alisema anafurahi kwamba Anson yu hai. Alisema hatarudi.

Maren alikwenda kwa Bibi Verna kumshukuru. Safari hii aliingizwa ndani, akapewa kiti jikoni. Nyumba ilikuwa na baridi kiasi cha kumfanya mzee avae sweta mbili. Maren alisema bila kura za watu kama Bibi labda kodi isingepita, na alitaka ajue kwamba hatausahau wema huo.

"Usinishukuru kwa nisilolifanya," alisema Bibi Verna. "Mimi nilipiga hapana."

Maren alidhani hakusikia vizuri.

"Nilisimama pale na kalamu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilimfikiria mdogo wako. Nikafikiria dawa zangu za macho, na mafuta ya kupashia nyumba hii. Sikuweza, mwanangu. Nililia nilipofika nyumbani, lakini sikuweza."

Maren aliinamisha kichwa. Bibi Verna aliuvuta mkono wake juu ya meza, akaushika.

"Sasa nisikilize, uyakumbuke haya hata nikishakufa. Siku ile ya kwanza ungeniambia kweli, ningekukatalia palepale mlangoni. Ungekosa kura moja. Yangu. Kesho yake ungegonga mlango mwingine, na mimi ningebaki kukuheshimu. Uliponidanganya nilikukubalia, nikakubebea uongo wako mpaka ukumbini, na ulipofichuka ukakosa kura za ukumbi mzima, na mwalimu wako, na kidogo umkose ndugu yako. Mtu akikukatalia kwa kuwa umemwambia kweli, hilo ni jibu lake, mwachie. Ukweli hauwafanyi watu wakupe unachotaka. Unawafanya wakuamini utakaporudi tena."

"Ndiyo, Bibi," alisema Maren.

"Mlishindwa kwa kura ngapi ile mara ya kwanza?"

"Ishirini na sita."

"Ishirini na sita," alirudia Bibi Verna, akautoa mkono wake taratibu. "Na ungesema kweli, ungenikosa mimi mmoja tu."